Muulize Fundi: Meko ya Tattershall na mlango wa Ujiji

Toleo lililopita tulichapisha picha aliyotuletea kijana wa Kiloleni anayesoma Lincoln, Uingereza: mnara wa matofali mekundu umesimama peke yake kwenye uwanda tambarare, kila pembe ina kinara chake, na madirisha ni makubwa kuliko milango ya nyumba zetu. Ni ngome ya Tattershall, jimbo la Lincolnshire. Karibu barua zote zilizofika mezani kwangu hapa Tabora mwezi huu zinauliza habari zake. Basi maswali ya mabati, mchwa na mashimo ya choo yangoje toleo lijalo, leo tumalizane na Tattershall.

Mzee, shikamoo. Mimi nafyatua matofali Ipuli. Nimeikodolea macho ile picha mpaka mke wangu akaninyang'anya gazeti. Hao Waingereza si wana mawe? Kwa nini mtu mkubwa ajenge ngome kwa tofali la kuchoma kama sisi? Na nani aliwafyatulia matofali yote yale?
*Mfyatuaji, Ipuli, Tabora*

Marahaba, mwanangu. Hilo ni swali la mtu aliyeshika kalibu kwa mkono wake, nami nalijibu kwa furaha.

Mawe walikuwa nayo. Mahali hapohapo palikuwa na ngome ya mawe kabla ya huu mnara, ya mtu aliyeitwa Robert de Tateshale, ambaye Mfalme Henry wa Tatu alimpa kibali cha kujenga mwaka 1231. Miaka mia mbili baadaye eneo likawa la Ralph Cromwell, mshika hazina mkuu wa Mfalme Henry wa Sita kuanzia 1433 hadi 1443. Mtu anayeshika hazina ya nchi ana nguvu, na anataka nguvu hiyo ionekane kutoka mbali. Wakati ule tofali halikuwa kitu cha wanyonge kule. Ufundi wake ulikuwa umestawi ng'ambo ya bahari, Flanders na nchi za Wajerumani, na wakubwa wa Uingereza walikuwa ndiyo kwanza wanaupenda. Kujenga mnara mrefu karibu mita 40 kwa matofali matupu, katika nchi ambako majirani wanajenga kwa mbao na udongo, kulikuwa ni kutangaza jina.

Sehemu ya hesabu za ujenzi ule imebaki mpaka leo, na ndani yake yumo mfyatuaji mwenzako, Baldwin, ambaye inaaminika alikuwa mgeni kutoka bara la Ulaya. Matofali yalichomwa maeneo ya karibu, mengine Edlington Moor upande wa kaskazini. Makadirio ni kwamba yalitumika kama matofali 700,000. Wewe piga hesabu yako: tanuru la matofali elfu kumi, ambalo hapo Ipuli linawatoa jasho ninyi na kumaliza kuni za mbuga nzima, wangehitaji kuliwasha mara sabini.

Kazi yenyewe ungeitambua. Udongo ulichimbwa kabla ya baridi kali, ukaachwa upasuliwe na barafu wakati wote wa kipupwe, na hewa ilipopata joto ndipo ukakanyagwa na kufyatuliwa. Sisi tunategemea jua na maji kuulainisha udongo, wao walitegemea baridi. Matofali yao ni membamba kuliko yetu, na hilo liliwasaidia kuiva mpaka ndani.

Mawe hawakuyaacha kabisa. Waliyaweka pale tofali linapochoka: fremu za madirisha, ngazi, na meko ya kuotea moto ambayo nitayasimulia chini. Lakini ukienda ndani utaona mambo ambayo wafyatuaji na waashi wanapaswa kuyaona kabla ya kufa. Dari za njia zimejengwa kwa matao ya matofali yaliyopishana kama nyavu, na mahali matao yanapokutana pamewekwa nembo za ukoo. Kuta ni nene kiasi kwamba vyumba vidogo na njia vimepitishwa ndani ya ukuta wenyewe. Ngazi inazunguka kwenye kinara cha pembeni, daraja 149 mpaka juu, na mshikio wa mkono haukutokeza nje hata kidogo, umechongwa ukazamishwa ukutani na unafuata mzunguko wote. Mimi nimejenga ngazi nyingi maishani. Mshikio ule ni kazi ya mtu aliyewaza mkono wa mzee na mkono wa mtoto wakati anashika patasi.

Ngome ya kivita haikuwa, ingawa ilizungushiwa mahandaki mawili ya maji. Madirisha yale hayazuii mzinga. Ilikuwa nyumba ya fahari iliyovaa mavazi ya ngome.

Mwalimu wa historia naandika. Nilibandika picha yako darasani na wanafunzi wa kidato cha pili wakauliza swali moja tu: wenyewe wa nyumba hiyo walikwenda wapi? Nisaidie niwajibu.
*Mwalimu, Kanyenye, Tabora*

Mwalimu, heshima yako. Waambie hivi.

Ralph Cromwell na mkewe Margaret hawakujaliwa mtoto. Mke alitangulia, naye akafuata mwaka 1456, mnara ukiwa bado mpya. Walizikwa katika kanisa la Utatu Mtakatifu lililo hatua chache kutoka ngomeni, ambalo Cromwell alilianzisha na halikukamilika mpaka yeye mwenyewe alipokuwa kaburini. Mali ikaenda kwa wapwa zake wa kike. Mume wa mmoja wao, Humphrey Bourchier, aliuawa mwaka 1471 katika mapigano ya Barnet, wakati koo za York na Lancaster zikigombea kiti cha ufalme, na baada ya hapo ngome ikaangukia mikononi mwa wafalme. Ilipita kwa Margaret Beaufort, mama yake Mfalme Henry wa Saba. Kisha Henry wa Nane akampa Charles Brandon, rafiki yake aliyemwoa dada yake. Wote hao walikuwa na nyumba nyingine nyingi, na Tattershall ilikuwa moja tu kati ya mali.

Waliokaa kwa muda mrefu ni ukoo wa Clinton, wenye cheo cha Earl wa Lincoln. Binti mmoja wa ukoo huo, Arbella, aliondoka Uingereza mwaka 1630 pamoja na Wapuritani waliokwenda kuanzisha makazi Massachusetts, na merikebu iliyoongoza msafara ilipewa jina lake. Alifariki muda mfupi baada ya kufika. Wanafunzi wako wa kike huenda wakapenda kujua kwamba mmoja wa walioiunganisha ngome hii na Amerika alikuwa mwanamke, na kwamba Amerika hiyohiyo itarudi kwenye habari hii karibu miaka mia tatu baadaye.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640 viliharibu majengo mengi ya eneo lile. Mwaka 1693 ukoo ukakosa mrithi wa kiume, na ngome ikaenda kwa ukoo wa Fortescue, ambao makazi yao yalikuwa Devon, upande wa pili wa nchi. Hapo ndipo jibu la swali la wanafunzi wako lilipo, Mwalimu. Wenyewe hawakufukuzwa na hawakufa wote kwa mpigo. Walihamia mbali tu. Hapakuwa na mtu wa kupanda juu kuziba tundu la paa. Maji yakaingia, boriti zikaoza, sakafu zikaanguka moja juu ya nyingine, handaki la ndani likafukiwa. Ukumbi mkubwa, jiko na majengo mengine mengi yaliyouzunguka mnara yakabomolewa mpaka kwenye misingi, na pamoja nayo zikapotea sehemu walikoishi wapishi, watunza farasi na vijakazi, ambao ndio walikuwa wengi. Mnara wenyewe ulibaki kwa sababu kuta zake ni nene. Wakulima wakafungia ng'ombe chumba cha chini.

Babu, shikamoo. Tunaandika wajukuu wa marehemu, nyumba yetu iko Ujiji. Nyumba imechakaa ila ina mlango wa nakshi uliochongwa zamani, fremu na vyote. Amekuja mtu na gari, anasema atautoa mlango, atatuwekea mpya wa chuma, na atatupa pesa za kutosha kuezeka bati upya. Baba mdogo amekubali, shangazi hataki. Wewe unasemaje?
*Wajukuu, Ujiji, Kigoma*

Marahaba, wajukuu zangu. Kabla sijasema neno langu, someni yaliyotokea Tattershall, kwa sababu yanafanana na yenu kuliko mnavyodhani.

Mwaka 1910 ukoo wa Fortescue uliamua kuiuza ngome. Haikuwa na paa, haikuwa na sakafu, haikuingiza pesa. Lakini ndani ya kuta zile tupu kulikuwa bado na meko manne ya mawe, kila moja katika chumba chake kikubwa, moja juu ya jingine kadiri ghorofa zinavyopanda. Katika nchi ya baridi meko ndiyo moyo wa chumba. Cromwell aliyafanya marefu kumpita mtu na akayachongesha safu kwa safu: ngao za koo alizotoka na alizooa, mkoba wa mshika hazina unaorudiwa tena na tena, na maneno yake ya kujigamba kwa Kifaransa cha zamani, yanayouliza kama yeye hana haki. Sakafu zilipoanguka, meko yalibaki yametundikwa ukutani kwenye ghorofa ambazo hazipo tena. Karne mbili za mvua zilishindwa kuyaangusha.

Pesa ziliweza. Mnara ulipita mikono kadhaa kwa haraka, zikavuma habari kwamba Wamarekani wataubomoa tofali kwa tofali na kuupakia melini, na kabla hata hilo halijajulikana ukweli wake, meko yote manne yaling'olewa mwaka 1911, yakauzwa kwa wafanyabiashara wa vitu vya sanaa na kupelekwa London kusubiri safari ya Marekani. Picha za wakati ule zinaonyesha kuta zenye matundu makubwa yaliyopasuliwa pembeni. Mwashi yeyote anajua maana ya kung'oa jiwe la uzito ule kutoka kwenye ukuta wa matofali: hutoi jiwe peke yake, unatoka na nyama ya ukuta.

Hapo ndipo akaingia Lord Curzon, Mwingereza aliyewahi kuitawala India. Aliinunua ngome mwaka huohuo wa 1911, akiwa amebakiwa na saa chache tu za kuamua, na mara moja akaanza kuyasaka meko. Alipekua kwa wafanyabiashara, akaandika magazetini, watu wakakasirika pamoja naye. Yalipatikana London, yamefungwa tayari kusafirishwa. Akayanunua. Mwaka 1912, mwaka uleule ambao reli ya kati ilifika hapa Tabora, meko yalirudishwa kijijini Tattershall na watu wakatoka kuyapokea kwa shangwe. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuota moto wake hata siku moja. Walikuwa watu wa mashamba. Lakini walijua ni ya kwao.

Sasa nawajibu. Msiuze mlango.

Kwanza, sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inautaja mlango wa mbao au fremu iliyochongwa nchini kabla ya mwaka 1940, kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki, kuwa miongoni mwa vitu vinavyolindwa. Mlango wa babu yenu, kama ni wa umri mnaousema, umo humo. Mtu anayekuja na gari pasipo karatasi yoyote anajua hivyo, na haraka yake inatokana na hilo. Nendeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri yenu mkiwa wawili au watatu, msiende mmoja peke yake, mwambieni aje aone mlango na aandike. Mwombeni awaelekeze Idara ya Mambo ya Kale. Pigeni picha za mlango leo, nje na ndani, na za nakshi kwa karibu.

Pili, ufundi. Mlango ule haukuwekwa ukutani baada ya nyumba kujengwa. Fremu ilisimamishwa kwanza na ukuta ukajengwa kuikumbatia, ndiyo maana fremu zile ni nzito na zina masikio yaliyoingia ndani ya udongo. Akiing'oa, ukuta wa mbele utapasuka kuanzia pembe za juu, na fremu ya chuma haitaubeba. Zile pesa za bati zitaishia kwenye ukuta.

Tatu, baba mdogo. Msimdharau. Anaona paa linavuja na watoto wamelala chini yake, na hilo ni jambo la kweli. Kaeni naye, mumwambie kwamba paa linaweza kutengenezwa upande mmoja mwaka huu na upande wa pili mwaka ujao. Anzeni na upande wa mlango. Shangazi yenu mpeni salamu zangu nyingi.

Mzee, nakuheshimu, lakini picha ile imeniudhi. Curzon ni nani kwetu? Ni mtawala wa kikoloni. Kwa nini gazeti la Tabora litumie karatasi kwa ngome ya Waingereza wakati ngome ya Mtemi Isike iko hapahapa Itetemia na watoto wetu hawaijui?
*Msomaji, Urambo*

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote, na sikuificha.

Curzon ni yule yule unayemsema. Aliitawala India kwa niaba ya ufalme wa Uingereza kuanzia 1899 hadi 1905, akaigawa Bengal mwaka 1905 bila kuwasikiliza wenyewe, na Wahindi wana mengi ya kumlaumu. Hukohuko India alitoa sheria ya kulinda majengo ya kale mwaka 1904 na akafanyiza matengenezo makubwa Taj Mahal. Aliporudi kwao alikuta nchi yake haina sheria yenye meno kama ile aliyowawekea wengine. Sheria ya kwanza ya Uingereza, ya mwaka 1882, iliorodhesha maeneo machache, mengi yakiwa mawe na makaburi ya kale, na mwenye mali asipotaka hakuna aliyeweza kumlazimisha. Ndiyo maana meko ya Tattershall yaling'olewa mchana kweupe na hakuna askari aliyefika. Kelele za mwaka ule zilichangia kuzaliwa kwa sheria mpya ya mwaka 1913, iliyoipa serikali uwezo wa kuzuia jengo lenye thamani lisibomolewe hata kama mwenyewe anataka kulibomoa. Mambo hayo mawili, India na Tattershall, ni ya mtu mmoja, na sioni sababu ya kuyaficha yote mawili wala kulitumia moja kufuta jingine.

Kuhusu Isike, nakuunga mkono kwa moyo wote. Mtemi yule wa Unyanyembe aliwapiga Wajerumani na kuwarudisha nyuma zaidi ya mara moja, na Januari 1893, askari wa Tom von Prince walipoingia ndani ya ngome yake, akachagua kujilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Ngome ile ilijengwa kwa udongo na miti na mikono ya watu wetu, na kwangu mimi kama mwashi inastahili kusomwa kwa makini yaleyale ambayo Waingereza wameyatumia kwenye mnara wa Cromwell: nani aliyeijenga, udongo ulitoka wapi, kuta zilikuwa na unene gani, watu walilala wapi, visima viko wapi. Nimekwenda Itetemia. Nilichokitaka pale ni mtu wa kunionyesha mstari wa kuta, na aliyenionyesha alikuwa mzee wa pale aliyeonyeshwa na baba yake.

Tattershall nimeiandika kwa sababu inaonyesha njia ambayo wengine wameshaipita. Curzon alipofariki mwaka 1925 hakumwachia mtu wa ukoo wake ile ngome. Aliiacha kwa National Trust, shirika la hiari lililoanzishwa mwaka 1895 kutunza ardhi na majengo kwa niaba ya watu wote, na mpaka leo mtu yeyote anakata tiketi na kupanda zile daraja 149. Ngome nyingine aliyoinunua na kuitengeneza, Bodiam, ilikwenda kwa shirika hilohilo. Nakuomba jambo moja: wazee wa Urambo wanaojua mahali Mirambo alipoweka boma lake, kaa nao, andika wanayosema, kila mmoja na maneno yake, na unitumie. Ukurasa huu utayachapa.

Fundi, najifunza uashi hapa mjini. Nimepata kazi yangu ya kwanza ya peke yangu: mama mmoja Ng'ambo ana nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma yaliyopangwa kwa udongo. Ukuta wa chini una unyevu, plasta inabanduka na unga mweupe unatoka. Anataka nipige plasta ya saruji nzito nzuri, kisha rangi ya mafuta. Je, hao wa Tattershall walifanyaje?
*Mwanafunzi wa uashi, Cheyo, Tabora*

Kijana, hongera kwa kazi ya kwanza. Plasta ya saruji usipige.

Mtu aliyepewa kazi ya Tattershall anaitwa William Weir, msanifu aliyelelewa na chama cha kulinda majengo ya kale ambacho William Morris na wenzake walikianzisha mwaka 1877. Msimamo wa chama kile, ambao naushika mpaka leo, ni kwamba jengo la kale usilirudishe liwe jipya, bali ulikinge na uharibifu kwa matunzo ya kila siku, na unachoongeza kionekane kuwa ni cha wakati wako. Kati ya 1912 na 1914 Weir aliuwekea mnara sakafu mpya za mwaloni na paa, akatia vioo madirishani, akafukua mahandaki mpaka maji yakarudi, na meko akayarudisha kila moja mahali pake. Hakujenga upya ukumbi uliokwisha kubomolewa. Misingi yake aliiacha ionekane. Watu walianza kuingia kutazama Agosti 1914, siku chache baada ya vita kuu kuanza.

Sasa ukuta wako. Tofali la zamani na udongo uliolishika hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa kwa kupumua. Unga mweupe unaouona ni chumvi iliyopandishwa na maji hayo, yakakauka na kuiacha nje. Ukifunika na saruji, maji hayatoki tena pale chini. Yatapanda juu zaidi mpaka yapate pa kutokea, na chumvi itakusanyika nyuma ya plasta na kulisaga tofali. Baada ya misimu michache plasta yako itaanguka kipande kizima ikiwa imeshika sura ya tofali mgongoni. Rangi ya mafuta inaharakisha balaa hilo.

Anza nje ya nyumba. Tazama kama udongo wa uwanjani umepanda juu kuliko msingi, maana nyumba nyingi za Ng'ambo zimezikwa polepole kwa kufagia na kumwaga taka. Punguza udongo huo. Tazama maji ya paa yanaangukia wapi, chimba mfereji uyatoe mbali. Kama bafu au karo la kufulia limeegemea ukuta ule, huenda ugonjwa wote uko hapo. Baada ya hapo bandua plasta mbovu yote, safisha chumvi kwa brashi kavu bila kumwagia maji, kisha acha ukuta ukauke.

Kukauka kunataka subira, hata kwa wenye pesa. Ngome ya Windsor, ambayo ni makazi ya wafalme, iliungua tarehe 20 Novemba 1992 baada ya taa kuwasha pazia katika kanisa dogo la ndani. Vyumba zaidi ya 100 viliharibika, na moto ulizimwa kwa maji karibu lita milioni 7. Kuta zilizokunywa maji yale zilichukua muda mrefu sana kukauka, na mafundi hawakuwa na njia ya kulipuuza hilo. Kazi ilimalizika Novemba 1997, kwa gharama ya kama pauni milioni 36.5. Paa jipya la ukumbi wa Mtakatifu George walilitengeneza kwa mwaloni mbichi, viungo vya mbao kwa mbao, kama walivyofanya wahenga wao.

Wewe una ukuta mmoja na kiangazi kizima mbele yako. Ukikauka, piga plasta ya chokaa. Chokaa ya mifuko inafaa, ila iloweke kwenye pipa, maji yakiwa juu yake, uiache siku nyingi kadiri mama atakavyokuvumilia, mpaka iwe laini kama siagi. Changanya sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga uliooshwa, mchanga wenye chembe kubwa na ndogo. Lowesha ukuta kidogo kwa brashi, piga koti jembamba, likwaruze, lisubiri, kisha koti la pili. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, maana jua letu linakausha chokaa kabla haijashika. Vaa miwani na glovu, chokaa inachoma macho vibaya. Mwisho paka chokaa nyeupe badala ya rangi ya mafuta.

Mweleze mama gharama mapema, na mweleze kwamba itachukua muda zaidi ya saruji. Akikataa kabisa, mwombe akuruhusu kufanya ukuta mmoja wa nyuma kwanza, auone ukipita masika moja.